Amina ni ya Mwenye Sala

Tarehe 3 Februari

Kwako Masikio, mdogo wangu wa pekee,

Pokea salamu zenye vumbi la mbao, kwa sababu naandika juu ya benchi la kazi na karatasi inataka kupeperuka kila mtu akipita mlangoni. Mimi mzima. Wifi yako mzima, ila mguu wake ndio ule ule. Watoto wanakula na kuvunja vitu, kwa hiyo nao wazima. Jirani wa Mama, yule mshona nguo, anakusalimu sana. Amepata cherehani mpya na siku hizi hakuna anayepita mlangoni kwake bila kuitwa ndani akaione.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu zipo. Nimelifikiria. Mimi na wewe kwenye simu tunakatizana, na ile ya Desemba tuliishia kukatiana kabisa. Kwenye barua huwezi kunidakia maneno. Utanisoma mpaka mwisho, upende usipende.

Habari za Mama ni njema. Mkono wa kulia umerudi kiasi cha kushika kikombe, na kwa fimbo niliyomchongea anafika mlango wa uani na kurudi. Maneno ndiyo bado. Kiharusi cha Oktoba hakikumchukulia akili. Anajua anachotaka kusema, unaliona neno limesimama usoni pake, lakini kutoka halitoki upesi. Ukilisubiri utachelewa kazini. Basi tumejifunza kumsaidia: akianza tu tunamalizia sisi, naye anapumzika. Sala ya asubuhi tunaendelea nayo kama Baba alivyotuachia, pale pale sebuleni kwa Mama, kabla sijafungua karakana. Tunaomba kwa zamu, mdogo anaanza na mkubwa anafunga. Zamu ya Mama ya kufunga naichukua mimi, nisimchoshe.

Sasa jambo lenyewe. Mama hawezi kuendelea kukaa peke yake kwenye nyumba ile. Hilo nimelipeleka kwa Mungu. Nilifunga siku tatu, maji tu, na siku ya tatu nikiwa napiga randa ubao wa mlango ikanishukia amani kubwa, na jibu likawa wazi kabisa: Mama ahamie kwangu. Nimeshaongea na mchungaji. Jumamosi ya mwisho wa Mei akina mama wa kanisa watakuja kufungasha vitu vyake, na nyumba atapewa mwalimu wa watoto wa Jumapili, ambaye hana pa kukaa. Nimeanza kumtengenezea Mama kitanda chenye kingo asije akaanguka.

Na mwenyewe nimemuuliza, usije ukasema sikumuuliza. Alianza, "Mimi nataka..." Nikamwambia, "Unataka kuja kukaa na sisi." Akafumba macho. Nikamshukuru Mungu.

Kimebaki kibali chako tu. Mchungaji naye anauliza kama huko umepata kanisa. Na mimi nina swali langu: kwa nini humpigii Mama? Tangu Oktoba hujampigia hata mara moja. Unanipigia mimi kuulizia habari zake, yeye mwenyewe humuulizi.

Kaka yako,
Randa


Tarehe 20 Februari

Kaka Randa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyoamuru, tena mara tatu, na vumbi la mbao limenipigisha chafya ofisini. Mimi mzima. Chumba changu ni kile kile cha ghorofani, na mama mwenye nyumba bado anaanika nguo mbele ya dirisha langu, kwa hiyo hali ya hewa naijua kwa mashuka yake. Mwambie wifi auweke ule mguu kwenye maji ya moto na chumvi, na aache kubeba ndoo mbili mbili kana kwamba anashindana na mtu. Mshona nguo mpe hongera. Mchungaji mwambie chumba changu kiko karibu sana na kanisa.

Ningependa kukujibu "sawa, kaka" na mambo yaishe. Lakini kazi yangu imeniharibu. Huu ni mwaka wa kumi na moja nakaa mbele ya hakimu na kuandika kila neno analosema shahidi. Shahidi akisema ovyo naandika ovyo. Akinyamaza naandika "Kimya". Kitu kimoja tu sina ruhusa nacho, kummalizia mtu sentensi yake, hata kama mahakama nzima inajua inakoelekea.

Sasa nimeisoma barua yako kwa macho hayo hayo, unisamehe. Mama amesema maneno mawili: "Mimi nataka." Yaliyobaki ni yako. Kufumba macho si ndiyo. Mimi hufumba macho hakimu akianza kueleza habari za mjukuu wake.

Kaka, wewe ukipewa kazi ya mlango huchukui vipimo kwa kufunga na kuomba. Unakwenda na futi yako, unapima, halafu unapima tena, na mwenye nyumba akikuambia "kata tu, unalingana na wa jirani," unamfukuza. Nimekuona ukifanya hivyo. Ndio maana milango yako inafunga. Kwa Mama, futi umeisahau wapi?

Sisemi Mungu hakusema nawe. Nauliza Mama alisema nini.

Kuhusu simu, kazi zimekuwa nyingi.

Mdogo wako,
Masikio


Tarehe 11 Machi

Masikio,

Salamu. Wote wazima.

Mimi si mshtakiwa wako. Nilianza kumsikiliza Mungu wewe ukiwa bado unatambaa, na sauti yake haihitaji mhuri wa mahakama. Wewe uko mbali. Anayemvusha Mama kizingiti ni mimi. Anayemkatia nyama ni mimi na mke wangu. Ukiwa unakaa ghorofani na kutazama mashuka ya watu ni rahisi kuuliza maswali.

Kitanda kimekwisha. Nimekipaka vanishi mara tatu, na nimepanua mlango wa chumba chake hapa kwangu ili kipite bila kukwaruza. Mwalimu ameshakuja kuiona nyumba na kuipenda.

Mama naye ametulia, kwa faida yako unayetaka ushahidi. Siku hizi hasemi kabisa. Hahangaiki tena kutafuta maneno. Anakula nusu sahani, anageuza kiti, anatazama ukuta kwa amani. Mimi nalichukua hilo kuwa ni ishara.

"Kazi zimekuwa nyingi" si jibu.

Randa


Tarehe 24 Machi

Kaka,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi, si kwa hasira. Nimeogopa.

Hasemi kabisa? Tangu lini? Februari alikuwa anaanza sentensi. Umeandika mistari mitatu juu ya vanishi na mmoja juu ya Mama kuacha kusema. Mpeleke kwa daktari. Halafu usome hii, hata kama unasoma umenuna.

Wiki iliyopita tulikuwa na shahidi mwenye kigugumizi, mzee mpiga plasta. Kila alipokwama wakili alimsukuma mbele: "Kwa hiyo ulimwona anatoka, siyo?" Na mzee anaitikia kwa kichwa, amechoka. Ikaenda hivyo nusu saa. Mwisho hakimu akavua miwani, akasema, "Wakili, nani hapa anatoa ushahidi?" Hakimu akamwambia mzee achukue muda wake, na mzee akaanza upya. Kumbe hakumwona mtu yeyote akitoka. Alisikia mlango tu. Nusu saa nzima alikuwa ameitikia kitu ambacho hakukiona, kwa sababu kukubali kulikuwa rahisi kuliko kupigania neno.

Nilipokuwa naandika hayo nilimwona Mama.

Unamkumbuka yule kipofu wa kando ya njia, wa kwenye Injili? Kila mtu aliona ni kipofu. Bwana mwenyewe aliona. Bado alimuuliza anataka afanyiwe nini, akasimama kusubiri jibu. Wewe ni mzee wa kanisa, umeihubiri habari hiyo zaidi ya mara moja na mimi nilikuwepo.

Nakuomba kitu kimoja kabla ya Mei. Kaa mbele ya Mama na karatasi. Muulize swali moja, kisha uandike kama ninavyoandika mimi: alilosema, na alilonyamaza. Usimmalizie. Ukiona mdomo wako unafunguka, mkumbuke Baba. Unakumbuka siku ile nilisema Amina wewe ukiwa katikati ya sala yako, kwa sababu chai ilikuwa inapoa? Baba aliniambia, "Amina ni ya mwenye sala. Mwache aifikie mwenyewe." Tukakusubiri, na wewe kwa makusudi ukawaombea mpaka kuku.

Masikio


Tarehe 2 Mei

Kaka,

Shikamoo. Natumaini mko wazima wote. Natumaini tu, maana barua yangu ya Machi haijajibiwa na simu yako inaita bila kupokelewa. Zimebaki wiki nne kufika Jumamosi yenu.

Umeniuliza mara mbili kwa nini simpigii Mama, na mara mbili nimekwepa. Shahidi akikwepa hivyo hakimu humwambia ajibu swali. Nalijibu.

Siku ile ya Oktoba Mama alinipigia saa sita na nusu mchana. Nilikuwa na mwenendo wa kesi wa kurasa themanini mezani, unatakiwa saa nane. Alinisalimu, akaanza, "Ile..." Akarudia, "Ile... ile..." Alisema mara tano. Nilihesabu, kwa sababu kuhesabu maneno ya watu ndiyo kazi yangu. Sauti yake ilikuwa nzito, nikaisikia kwamba ni nzito. Nikamwambia, "Mama umechoka, kalale kidogo, nitakupigia jioni." Nikakata. Saa tisa jirani akamkuta sakafuni.

Mimi ninayelipwa mshahara kuwasikiliza wageni, nilimkatia mama yangu simu akiwa anapatwa na kiharusi. Neno la mwisho alilotaka kuniambia kwa ulimi wake mzima sikulisubiri. Sijamwambia mtu yeyote mpaka leo. Nikishika simu nimpigie, vidole vinagoma. Na kusali pia nimeshindwa, kaka. Nikipiga magoti sina la kusema. Naogopa kwamba nikianza, na mimi nitakatiwa.

Kwa hiyo usidhani nakufundisha kusikiliza kwa sababu najua kusikiliza. Najua inavyouma kutosikiliza, basi.

Tafadhali nijibu, hata kwa kunitukana.

Masikio


Tarehe 15 Mei

Masikio, mdogo wangu mpenzi,

Salamu, salamu, na salamu tena! Nacheka peke yangu karakana na wateja wanadhani nimenusa gundi. Wifi yako mzima na mguu umepona, kwa chumvi yako au kwa kuacha ndoo, hatujui. Mama mzima. Narudia: Mama mzima.

Naanza na kosa langu. Barua yako ya Machi niliipata. Niliisoma nikafika kwa yule wakili, nikaikunja, nikaitia kwenye droo ya misumari. Ilikaa humo wiki sita, na kila nikichukua misumari naiona. Nilikuwa na hasira kwa sababu nilijua unasema kweli. Mwezi wa nne tulimpeleka Mama kwa daktari, tukidhani kiharusi kimerudi. Alimpima kila kitu, halafu akaniita nje. Akasema, "Ulimi wake hauna tatizo jipya. Nyumbani anaongea na nani?" Hilo nalo sikukuandikia, na simu zako nikaziacha ziite.

Kisha ikaja hii ya pili. Niliisomea hapa benchini, nikalia mbele ya mteja wa kabati, nikafunga karakana mchana kweupe. Nikaenda moja kwa moja kwa Mama. Nikamsomea barua yako yote kwa sauti, mpaka kwenye vidole vinavyogoma. Unisamehe kama nilikosea. Halafu nikaitoa mfukoni ile ya Machi, nikaisoma mpaka mwisho, nikachukua karatasi na penseli yangu ya kuchorea mbao, nikakaa mbele yake. Haya ndiyo niliyoandika, kama ulivyonielekeza.

Saa nne na robo asubuhi. Nimemwambia: "Mama, siku ile ulisema unataka. Ulitaka nini? Mimi sitasema kitu."

Kimya.

Kimya. Jirani alikuwepo na pini mdomoni. Akaanza, "Labda anataka ch..." Nimemkanyaga mguu.

Kimya. Natokwa jasho. Neno nimelishika ulimini, hata silijui ni neno gani, ila nataka kumpa.

Saa nne na dakika ishirini na mbili. Mama: "Nataka."

Kimya.

Mama: "Zamu yangu."

Sikuelewa. Nimefungua mdomo, nimeufunga.

Mama: "Ya kufunga sala. Unasema... Amina... kabla sijaanza."

Masikio, penseli ilinianguka. Miezi saba, kila asubuhi, zamu yake ikifika namsalia mimi. Zile siku za mwanzo alipokuwa anajaribu kufungua mdomo, nilisema Amina kwa sauti kubwa nikidhani namwokoa na aibu. Tumemwombea kwa kila namna na hakuna aliyemwachia aombe. Mwanamke aliyetufundisha kuomba! Akaona hana kazi tena ya maneno, akayaacha. Nami nikaita amani.

Nilimuuliza kuhusu kuhamia kwangu. "Hapana." Hilo lilitoka upesi, sikuhitaji penseli. Kisha, polepole sana: "Kitanda... kizuri. Kilete hapa."

Nikamweleza jinsi nilivyofunga siku tatu. Alinitazama muda mrefu. Saa nne na dakika hamsini. Mama: "Mungu... hakuwa... na haraka. Wewe." Jirani alicheka mpaka pini zikamtoka, na mpaka leo tunazikanyaga.

Nimeifikiria sana ile amani yangu ya siku ya tatu. Ilikuwa amani kweli, lakini naona ilikuwa ya fundi aliyemaliza kazi na anataka kwenda nyumbani. Siachi kuamini kwamba Mungu husema. Nilikuwa nimetega sikio darini, na yeye alikuwa anasema pale kitini, taratibu, na mimi nikawa namdakia. Nimemwomba Mama radhi. Nimemwomba na Mungu, kwa sala fupi kuliko zote nilizowahi kusali. Hutaamini.

Mchungaji nimemwendea na kumwambia nilikosea, mbele ya wazee wenzangu, na masikio yaliniwaka. Mama habaki peke yake: mwalimu atahamia chumba cha pili, akae naye. Wazo ni la Mama, lilichukua asubuhi nzima na lilikuwa bora kuliko langu. Akina mama wa kanisa watakuja Jumamosi ile ile, ila kusali naye tu. Wameambiwa Mama ndiye atakayefunga, kwa hiyo waje wameshiba. Na kitanda, cheka tu, nilikipima kwa mlango wangu. Kwa Mama hakipiti. Imebidi nivunje ukuta.

La mwisho ni lako. Siku ile, baada ya mambo ya kitanda, nilidhani tumemaliza, nikaweka penseli chini. Akaigonga kwa kidole, niichukue. Saa tano na dakika kumi. Mama: "Mwambie Masikio. Ile simu... sijamaliza. Aje... nimalizie."

Nimeandika kama alivyosema. Sikuongeza kitu.

Kaka yako,
Randa


Tarehe 20 Juni

Kaka Randa,

Shikamoo. Naandika mezani kwa Mama, na barua nampa dereva wa lori la mbao anayekuja huko uliko kesho. Natumaini mabenchi unayotengenezea kanisa la watu yanakwenda vizuri na kwamba huko ugenini wanakulisha. Wifi anasema usisahau koti. Mwalimu anakusalimu. Mlango ulioupanua ni mkubwa kuliko wa kanisani. Mama anasema sasa hata ng'ombe akija kumjulia hali ataingia bila kuinama. Utani huo ulimchukua dakika nne, na kila dakika ilistahili.

Nisamehe kwamba nimefika siku mbili baada ya wewe kusafiri. Au labda ilikuwa vizuri, maana ungekuwepo ungenisaidia kulia.

Nilifika saa kumi jioni. Mama alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Nilikaa kwenye kigoda mbele yake, begi bado begani, nikamwambia, "Mama, nimekuja. Maliza." Nilikuwa nimejiandaa safari nzima. Nilijua litakuwa neno la kuaga, au lawama, au kitu alichotaka nikishike maisha yangu yote. Nilikaza moyo.

Kimya. Cherehani ya jirani ilikuwa inavuma upande wa pili wa ukuta. Ikasimama, nadhani naye alikuwa anasikiliza.

Mama: "Ile."

Kimya.

Mama: "Ile... sabuni... uliyoniletea. Ya maua."

Kimya.

Mama: "Inaniwasha."

Kaka! Miezi minane nimebeba jiwe kifuani, na ndani yake mlikuwa na sabuni! Nilimtazama, naye alikuwa ananitazama kwa ule upande wa mdomo unaocheka, na tukaanza. Nilicheka mpaka nikaanguka kutoka kwenye kigoda. Jirani akaja mbio akidhani kuna msiba. Halafu kicheko kikageuka, nikaweka kichwa magotini pa Mama na kumwambia, "Nilikukatia simu, Mama. Nilikukatia." Akaniwekea mkono kichwani, ule wa kulia, mzito, akauacha hapo.

Sabuni ile iliyobaki, nusu katoni, amempa mshona nguo, ambaye haimwashi.

Sasa nikueleze ya leo asubuhi, ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Tulikaa kwa sala: mwalimu, mimi, wifi, jirani, Mama. Mwalimu ndiye mdogo kuliko sisi sote, akaanza, akamaliza vizuri, akasema Amina yake. Ikawa zamu yangu. Nilifumba macho na hakikuja kitu. Tangu Oktoba hakijaja kitu. Nilisikia maji ya chai yanachemka jikoni, yakachemka mpaka sufuria ikaanza kulia. Nikamsikia mwalimu akivuta pumzi kunisaidia, kwa huruma kabisa, kama wewe. Nikafungua jicho moja. Mama alikuwa ameinua fimbo yake kidogo tu kutoka sakafuni, upande wa mwalimu. Mwalimu akaishusha ile pumzi.

Hakuna aliyenimalizia. Sijui ni dakika ngapi. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja sikuangalia saa. Mwisho nikasema, "Mungu wangu, samahani, nilikata." Nikasikiliza. Sikusikia sauti yoyote, kaka, nisikudanganye. Ila hakuna aliyenikatia, wala huko juu wala hapa chini, na hilo lilinitosha.

Nikasema Amina mwenyewe. Ndipo nao wakaitikia, mmoja mmoja, na ya Mama ikaja mwisho, polepole, na sote tukaisubiri mpaka ikafika.

Mdogo wako,
Masikio